Jua la Kutundika

Taa yangu ya kwanza ya matumbawe niliishusha kwenye dari la bohari moja mjini Berlin, mwaka 1996. Tulikuwa mafundi umeme wanne, tumepewa kazi ya kung'oa taa za zamani, na msimamizi akasema anayetaka moja aichukue kabla lori la taka halijafika. Nikachukua ya wati 250. Choki yake peke yake ilikuwa nzito kama tofali. Nilipanda nayo treni nimeipakata mapajani, nikaitundika kwa mnyororo juu ya tangi la maji ya chumvi ambalo kwa miaka miwili halikuotesha kitu ila utando wa kahawia kwenye vioo. Taa zile haziwaki papo hapo. Ilianza hafifu, ikasita, ikapanda polepole kwa dakika kadhaa, mpaka chumba kikajaa mwanga mweupe na uso wa maji ukatupa nyavu za mwanga juu ya mchanga. Nilikaa chini nikatazama. Nyavu zile sikuwa nimeziona tangu nilipoondoka Jambiani.

Kwetu ni Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Mama alikuwa akienda mwambani wakati wa bamvua kutafuta pweza, nami nyuma yake na ndoo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kilimo cha mwani kilipoingia kijijini, akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuchomeka vijiti na kufunga kamba. Nilimsikia akisema kuwa mwani ukitiwa kivulini hauzai. Miaka mingi baadaye, Ulaya, nilikuja kujua kuwa tumbawe nalo ni mkulima wa mwani. Ndani ya nyama yake laini limehifadhi mwani wa chembe moja, mdogo asiouona mtu kwa macho, nao hupokea jua na kumlipa mwenyeji wake kwa sukari. Tumbawe la maji ya joto hukamata pia vijidudu kwa mikono yake usiku, lakini shamba lake ni mwanga. Binadamu walichukua zaidi ya miaka mia moja kulikubali jambo hilo ndani ya nyumba zao, na historia ya taa za matangi ndiyo historia ya kulikubali kwao.

Mwanzo ulikuwa London. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne aliokota matumbawe madogo huko Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akayapeleka mjini. Kila siku mtumishi wake wa kike alisimama mbele ya dirisha lililo wazi akimimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine ili yapate hewa. Yale yalikuwa matumbawe ya maji baridi, yasiyofuga mwani ndani yake, kwa hiyo hewa ikatosha na yakaishi. Nadhani hapo ndipo kosa lilipozaliwa bila mtu kulitaka: walioona yanaishi walidhani tumbawe linahitaji maji mazuri tu.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua jumba la samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu matangi ya bahari. Familia zilizokuwa na uwezo zikaweka vioo vya maji sebuleni, kando ya dirisha, maana taa za gesi na mafuta hazikuwa na nguvu ya kulisha mmea. Kiangazi kilipofika maji yakawa kijani, yakapata joto, viumbe wakafa. Aliyewatoa wafugaji kwenye taabu hiyo ni William Alford Lloyd, mtu aliyeyaelewa maji kuliko wenzake wote. Alisimamia matangi ya umma Hamburg kuanzia 1864, kisha akajenga yale ya Crystal Palace, London, yaliyofunguliwa 1871. Kanuni yake ilikuwa kuweka akiba kubwa ya maji gizani chini ya jengo, kuyazungusha bila kukoma, na kuruhusu mwanga kidogo tu kutoka juu. Maji yakang'aa.

Berlin nayo ilifuata njia ya giza. Alfred Brehm alifungua jumba la bahari barabara ya Unter den Linden mwaka 1869, likajengwa kama pango, mgeni akipita baina ya mawe bandia huku vioo vikimulikwa kwa juu. Bahari iko mbali na Berlin, na kusafirisha maji kwa treni kulikuwa gharama. Otto Hermes, aliyesomea ufamasia, akapata namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali. Mji usio na pwani ukajipatia bahari ya kupima kwa mizani. Jua ndilo lililobaki nje ya mlango.

Lloyd alikuwa sahihi kuhusu maji, nami namheshimu. Lakini giza lake lilikuwa sumu kwa matumbawe ya kitropiki, na kwa karibu miaka mia matangi ya Ulaya yalionyesha mifupa myeupe ya matumbawe hayo kama mapambo, pembeni ya samaki waliokuwa hai.

Wanasayansi walikuwa wameshaliona jambo. Mjerumani Karl Brandt alieleza mwaka 1881 kuwa zile chembe za manjano ndani ya wanyama wa baharini ni mwani wenye uhai wake. Mwaka 1928 Charles Maurice Yonge aliongoza msafara wa Waingereza hadi visiwa vya Low, kwenye mwamba mkuu wa Australia, wakakaa huko mwaka mzima. Walifungia matumbawe ndani ya masanduku yasiyopitisha mwanga. Yaliutoa mwani wake, yakapauka, lakini yaliyolishwa yaliendelea kuishi kwa muda, na Yonge akaamini kuwa tumbawe ni mla nyama ambaye mwani humsaidia zaidi kuondoa taka. Ilibidi mambo yasubiri hadi 1959, Thomas Goreau alipotumia kalsiamu yenye mionzi huko Jamaika akaonyesha kuwa tumbawe lililo kwenye mwanga hujenga chokaa haraka kuliko lililo gizani. Kwa mfugaji wa nyumbani habari hiyo ingetosha, lau angekuwa na taa.

Na taa hakuwa nayo. Tyubu za florisenti ziliingia sokoni Marekani mwaka 1938, na baada ya vita zikaenea juu ya matangi kila mahali. Nimezifunga kwa maelfu katika ofisi na shule, nazijua. Mwanga wake hutawanyika, hauna kiini, na tyubu ya wati 40 hutoa sehemu ndogo sana ya kile kinachomwagika saa sita mchana juu ya mwamba. Ndiyo maana Lee Chin Eng wa Jakarta aliposhangaza watu mwaka 1961 kwa kueleza matangi yake, yenye mawe hai kutoka baharini na viputo vya hewa tu, waliomwiga Ulaya na Marekani walishindwa. Walichukua mawe yake na viputo vyake. Alichokuwa nacho Lee bila kukinunua ni jua la Jakarta.

Jibu lilitoka viwandani. Katika miaka ya 1960 zilitengenezwa taa zinazowasha cheche ndani ya kijibomba cha kioo kigumu chenye zebaki na chumvi za madini. Kampuni ya Osram iliziita HQI: H ni zebaki kwa jina lake la Kilatini, Q ni kwatzi, kile kioo kigumu, I ni iodidi. Zilikusudiwa mabohari, viwanja vya mpira na maduka makubwa. Mwanga wake hutoka mahali padogo kama jua, na ndiyo unaotupa zile nyavu mchangani.

Wafugaji wa Ujerumani walizichukua wakazitundika juu ya matangi. Katika miaka ya 1980, Berlin Magharibi ikiwa bado imezungukwa na ukuta, Dietrich Stüber na wenzake walikuwa na matangi yaliyojaa mawe hai, kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu, maji ya chokaa aliyoyaeleza Peter Wilkens, na juu yake taa hizo za nguvu. Stüber aliotesha tumbawe la matawi aina ya Acropora likawa kichaka, akavunja vipande akawagawia watu, nao wakavunja wakagawa. Utaratibu ule unaitwa duniani kote njia ya Berlin. Kwangu jambo lililobaki la maana kuliko vifaa vyote ni kule kuvunja na kugawa, kwa sababu kuanzia hapo tumbawe la nyumbani liliweza kuzaliwa nyumbani.

Kipande changu nilipewa na mzee mmoja wa Berlin, mwaka mmoja baada ya kuipata taa ya bohari, urefu wake kidole gumba. Kilikua. Lakini kilikuwa cha kahawia, na taa yangu ilikuwa na rangi ya manjano ya bohari. Mzee akaniambia niongeze buluu.

Hili la rangi ndilo linalowachanganya wengi wanaochagua taa. Maji hunyonya nyekundu kwanza, na mita 10 chini karibu yote imekwisha. Inayobaki ni buluu, na mwani wa tumbawe umeumbwa kuitumia hiyo. Wafugaji walianza na tyubu za Philips zenye namba 03, zinazotoa mwanga wa nanomita 420 hivi, zilizokuwa zikitumika katika mashine za kunakili ramani za majengo. Baadaye viwanda vikatengeneza taa za HQI za matangi zenye joto la rangi la kelvini 10,000, hata 20,000. Chini ya taa hizo matumbawe yaling'aa kijani na zambarau. Kelvini, hata hivyo, ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonekana kwa jicho, na jicho la mtu halili mwanga. Nimewaona watu wakilipia kelvini nyingi, wakapata buluu ya kupendeza na nguvu kidogo.

HQI zilikuwa na gharama zake. Zilipasha maji mpaka ikabidi kununua feni au mashine ya kupoza. Zilihitaji kioo cha kuzuia miale hatari, na aliyekiondoa alibabua matumbawe na macho yake. Kila mwaka hivi tulibadilisha glopu, maana zilichoka kabla ya kuzima.

Kilichozimaliza ni ugunduzi wa Japani. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia, alitoa taa ya LED ya buluu yenye mwanga mkali, na mwaka 2014 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Dunia ilisherehekea kwa sababu buluu hiyo, ikipakwa unga wa manjano, huwa nyeupe ya kumulikia nyumba. Wafuga matumbawe waliitaka ile buluu yenyewe, kama ilivyo.

Mimi nilinunua ya kwanza mwaka 2011. Ilionekana hafifu kando ya HQI yangu, nikaiwasha kwa nguvu zote. Siku ya kumi ncha za Acropora zilikuwa nyeupe, na baada ya wiki tatu kichaka cha miaka kumi na minne kilikuwa kimebaki vipande viwili. Kipimo changu cha fundi, kinachopima mwanga kwa kufuata jicho la binadamu, kiliniambia kuwa taa ni ya wastani. Kipimo cha wataalamu wa mimea, kinachohesabu mwanga wote unaotumiwa na majani, pamoja na buluu tusiyoiona vizuri, kingeniambia ukweli. Nilikiazima baadaye. Hasara ile iliniuma kuliko ninavyoweza kueleza, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

LED zimeleta na kitu kingine ambacho mama yangu angekielewa mara moja: mwezi. Matumbawe mengi ya mwambani hutoa mayai kwa pamoja, usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu. Katika Makumbusho ya Horniman, London, Jamie Craggs na wenzake walipanga taa zifuate mapambazuko, machweo, misimu na mwezi wa mwamba wenyewe, na mwaka 2013 matumbawe yao yakataga ndani ya jengo, kusini mwa mji ule ule ambamo mtumishi wa Bibi Thynne alimimina maji dirishani.

Ukitaka kuanza tangi, kabla ya kuuliza bei ya taa uliza tumbawe unalolitaka linaishi kina gani, maana la juu ya mwamba na la chini kivulini hayalishwi sawa. Azima kipimo cha mwanga cha wataalamu wa mimea. Taa ya LED ianze robo ya nguvu zake na ipandishwe kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Na kipande chako kitoke kwenye tangi la mfugaji mwenzako. Matumbawe ya Jambiani yaache mwambani.