Kipimo cha ukungu wa chumvi: Saa 1,000 haziahidi uhai wa paa

MNUNUZI wa mabati katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huweza kuelezwa kwamba bidhaa anayoitaka imestahimili kipimo cha chumvi kwa saa 500 au 1,000. Tarakimu hizo hutoka maabara, na maana yake ni finyu kuliko wengi wanavyodhani.

Kipimo hicho, kinachoitwa kipimo cha ukungu wa chumvi, huchunguza uwezo wa metali iliyopakwa rangi, au iliyofunikwa kwa utando wa metali nyingine, kustahimili kutu. Utaratibu wake ulitolewa kwa mara ya kwanza na taasisi ya viwango ya ASTM ya Marekani mwaka 1939, kwa jina la B117. Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) nalo lina kiwango chake, ISO 9227.

Vipande vya metali huwekwa kwa mwinamo ndani ya kasha lililofungwa, ambamo joto hudumishwa katika nyuzi 35 za Selsiasi. Maji safi yaliyotiwa chumvi kwa asilimia 5, kiwango kinachozidi asilimia 3.5 iliyomo kwa wastani katika maji ya bahari, hupulizwa kwa hewa yenye shinikizo hadi yakawa ukungu. Ukungu huo hutua juu ya vipande mfululizo, usiku na mchana, kwa saa 24, 96, 500 au zaidi, kadiri ya makubaliano ya mtengenezaji na mteja.

Vipande vilivyopakwa rangi aghalabu hukwaruzwa kwanza hadi chuma kionekane. Baada ya muda uliopangwa, wachunguzi hupima kutu imeenea umbali gani kutoka kwenye mkwaruzo, na kama rangi imefanya malengelenge au imebanduka. Kwa mabati yenye utando wa zinki, huangaliwa rangi ya kutu. Kutu nyeupe huonyesha kwamba zinki yenyewe inaliwa. Kutu nyekundu huonyesha kwamba utando umekwisha na chuma kilicho chini kimeanza kushambuliwa.

Hata hivyo, hali iliyomo ndani ya kasha haifanani na ile ya juu ya paa. Nje, bati hulowa kisha hukauka. Linapokauka, zinki huungana na hewa ya ukaa na kujenga tabaka gumu linalopunguza kasi ya kuliwa kwake. Ndani ya kasha bati halipati nafasi ya kukauka, hivyo tabaka hilo haliimariki, na zinki huisha upesi kuliko ambavyo ingeisha nje.

Kwa upande wa rangi, kasoro iko kinyume. Kasha halina mwanga wa jua, ilhali jua kali la pwani ndilo huifanya rangi ichakae na kupasuka, kisha chumvi ikapenya. Rangi inaweza kufaulu maabara na bado ikashindwa juani.

Kwa sababu hizo, ISO 9227 yenyewe hutahadharisha kwamba ni nadra matokeo yake kuwa na uhusiano wa moja kwa moja na ustahimilivu wa metali katika mazingira mengine. Hakuna kanuni ya kugeuza saa za kasha kuwa miaka ya paa.

Vipo vipimo vinavyokaribia zaidi hali halisi. Katika kile cha ASTM D5894, vipande hukaa wiki moja chini ya taa za mionzi inayofanana na ya jua, vikipokea unyevu kwa zamu. Wiki inayofuata hupelekwa katika kasha la ukungu na ukavu wa kupokezana.

Pamoja na mapungufu yake, kipimo cha ukungu wa chumvi kinafaa kwa kazi moja muhimu, nayo ni kusimamia ubora kiwandani. Iwapo bidhaa iliyozoea kufika saa 500 inashindwa ghafla ikiwa na saa 200, ni ishara kwamba kuna hitilafu katika usafishaji wa chuma, unene wa utando au ukaushaji wa rangi.

Kwa mnunuzi, saa pekee hazitoshi. Yafaa aulize uzito wa utando. Alama Z275, kwa mfano, humaanisha gramu 275 za zinki kwa kila mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Aulize pia bidhaa imekusudiwa mazingira gani. ISO 9223 huyapanga kuanzia C1, yenye ulikaji mdogo kabisa, hadi C5 na CX, yenye ulikaji mkali kupindukia. Bati linalodumu Dodoma, mbali na bahari, si lazima lidumu vivyo hivyo katika nyumba inayopigwa na upepo wa bahari kila siku.