Filamu Iliyochacha: Tafsiri ya Maradhi ya Siki

Kila mwaka, mwishoni mwa Mei, Wamarekani wanapokuwa na wikiendi ndefu ya kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani, wapenzi wa filamu za zamani hukutana Columbus, jimbo la Ohio. Mkutano huo ulianza mwaka 1969 kwa jina la Cinevent. Siku hizi unaitwa Columbus Moving Picture Show. Ukumbi mmoja hutiwa giza na sinema zikaonyeshwa tangu asubuhi hadi usiku. Ukumbi mwingine hujaa meza za wauzaji wa mabango, picha, vitabu na makopo ya filamu. Mikutano ya namna hii iko mingi huko, mmojawapo CineSea wa pwani ya New Jersey, ambako watu hufika na projekta zao wenyewe na kuonyeshana walichonacho.

Mnunuzi mzoefu ana utaratibu wake mbele ya meza. Anauliza upana wa filamu: ni ya milimita 8, 9.5 au 16? Anauliza habari ya rangi, maana nakala nyingi za rangi zilizochapwa kati ya miaka ya 1950 na 1970 zimepauka zikabaki na wekundu mtupu. Kisha anafungua kopo na kunusa. Akikuta harufu ya siki, ama anaondoka, ama anataka bei ishuke sana, na hata akinunua hatalichanganya kopo hilo na makopo yake mengine. Kwa Kiingereza hali hiyo inaitwa vinegar syndrome, na wakusanyaji wenyewe huifupisha kwa herufi mbili tu, VS.

Sisi tuiteje? Nalichukulia swali hili kwa uzito. Watu wanaotunza picha za kale katika nchi zetu wanahitaji neno la kuandika kwenye kopo, kwenye daftari la hifadhi na kwenye barua ya kuomba fedha, na neno hilo linapaswa kumwambia msomaji kinachotokea ndani ya kopo. Kwa hiyo tuanze na kopo.

Filamu za mwanzo za sinema zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kinachoshika moto upesi na kuendelea kuwaka hata kikizamishwa majini. Vyumba vya projekta viliungua, na watu wakafa. Ilipofika zamu ya kupeleka sinema majumbani, watengenezaji walijua kwamba nitrati haifai kukaa sebuleni penye watoto na jiko. Pathé wa Ufaransa alitoa filamu yake ya milimita 9.5 mwishoni mwa mwaka 1922. Kodak akaleta ya milimita 16 mwaka 1923, ya milimita 8 mwaka 1932, na Super 8 mwaka 1965. Filamu hizi za nyumbani zilitengenezwa kwa asetati ya selulosi. Kwenye ukingo wake huwa pamechapwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya filamu salama, na kwa upande wa moto neno hilo ni kweli tupu: asetati huungua polepole kama karatasi nene. Sinema za kumbini nazo zilihamia asetati kuanzia mwaka 1948, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kodak akaacha kabisa kutengeneza nitrati.

Asetati hupatikana kwa kuichukua selulosi, yaani nyuzi za mmea kama pamba, na kuifungia vikundi vya asetili vinavyotokana na asidi asetiki. Asidi asetiki ndiyo inayoifanya siki kuwa siki. Basi ndani ya kila filamu ya asetati kuna siki iliyofungwa, na kazi ya muda, joto na unyevu ni kuifungua. Molekuli za maji zinapenya, zinang’oa vikundi vile kimoja kimoja, na kila kinachong’oka kinakuwa asidi. Hapo kuna jambo ambalo kila anayehifadhi filamu lazima alielewe: asidi hiyo haitoki yote ikaenda zake. Nyingi inabaki ndani ya filamu na kuuharakisha mmenyuko uleule ulioizaa. Wanakemia wanasema ni mmenyuko unaojichochea. Filamu inaweza kukaa miongo kadhaa bila dalili yoyote, kisha ikafika mahali uharibifu ukaanza kukimbia, na miaka michache baadaye haifai tena.

Dalili huja kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza harufu. Kisha filamu inapinda, ukiikunjua haikai bapa. Inakuwa kavu na kukatika. Vilainishi vilivyowekwa kiwandani ili filamu iwe laini vinatoka juu yake kama unga mweupe au malengelenge. Mwishowe tabaka la picha linabanduka. Lakini pigo ambalo mwendesha projekta hulihisi mapema ni kusinyaa. Kwenye filamu ya milimita 16, umbali kutoka tundu moja la pembeni hadi linalofuata ni milimita 7.62. Ndani ya projekta kuna ukucha wa chuma unaoingia tunduni, unavuta fremu moja, unatoka, unarudi juu, mara 24 kwa sekunde. Filamu ikisinyaa kwa asilimia moja tu, kila tundu limesogea kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini magurudumu yenye meno hushika matundu kadhaa kwa pamoja na kasoro hizo hujumlishana. Ukucha unakosa tundu, unachana ukingo, na nakala ambayo pengine ndiyo ya mwisho duniani inaharibika mbele ya watu waliokuja kuishangilia. Ndiyo maana katika mikutano hii utamwona mtu akikataa katakata kuipitisha filamu ya mwenzake kwenye projekta yake. Ana haki.

Sasa turudi kwenye jina. Tafsiri inayokuja haraka ni sindromu ya siki. Siipendi. Neno sindromu halimwambii chochote mtu ambaye hakusoma udaktari, na Kiswahili kimeshaonyesha kwamba kinaweza kuliacha. UKIMWI ulipohitaji jina, waliolitunga walichukua upungufu, wakachukua kinga, wakachukua mwili, na lile neno la Kiingereza lenye maana ya mkusanyiko wa dalili likaachwa nje. Hakuna aliyepungukiwa kitu.

Tafsiri ya pili ni ugonjwa wa siki. Hii ni nzuri zaidi, na nisingemkosoa anayeitumia. Kiswahili hakioni taabu kuvipa ugonjwa vitu visivyo watu wala wanyama. Wakulima wana ugonjwa wa mnyauko kwenye migomba na batobato kwenye mihogo. Tena neno ugonjwa linabeba tahadhari ya kutenga, na kutenga kunahitajika hapa, kwani mvuke wa asidi kutoka kopo moja unaweza kuharakisha kuoza kwa filamu zilizo jirani. Kasoro yake ni kwamba linamfanya mtu afikiri kuna kijidudu kilichoingia kutoka nje, na palipo na ugonjwa watu hutafuta dawa. Filamu hii haina kijidudu wala dawa. Kilichomo ndani yake tangu kiwandani ndicho kinachoiua.

Pana pia suala la siki yenyewe. Madukani leo chupa huandikwa vinega, na wako vijana wa bara ambao neno siki wanalisikia kwa nadra. Mimi ningelishikilia siki. Kamusi zinalo, wapishi wa pwani wanalo, na watunga istilahi wasipotumia neno lililopo, hao vijana watalisikia wapi?

Lakini neno ninaloliona bora kuliko yote hayo ni kitenzi, nacho ni kuchacha. Kila anayepika analijua. Maharage yaliyolala bila kuchemshwa yamechacha, uji umechacha, tembo la mnazi likikaa siku nyingi huchacha hadi likawa siki kamili. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anapoambiwa filamu imechacha, anapata mambo matatu kwa neno moja: kwamba kuna harufu ya ukali, kwamba kitu kimeharibika kwa kukaa kwenye joto, na kwamba hakirudi tena kilivyokuwa. Maneno mawili ya Kiingereza hayampi Mwingereza yote hayo. Na kwa kuwa ni kitenzi, kinakwenda na wakati: filamu inachacha, imeanza kuchacha, haijachacha, imechacha kabisa. Mtunza hifadhi anahitaji hasa ngazi hizo.

Mwanakemia anaweza kupinga kwamba tembo huwa siki kwa kazi ya bakteria, na filamu huvunjwa na maji na joto bila kiumbe chochote. Hoja ni ya kweli, ila haiangushi neno. Anayesema maharage yamechacha hasemi habari za bakteria, anaeleza hali. Shughuli ya vijidudu ina neno lake shuleni tayari, uchachushaji, linalotokana na chachu, na tuliache huko kwa walimu wa biolojia. Kuchacha kuko huru. Kama tunataka nomino ya kuweka kwenye kichwa cha sura au safu ya jedwali, lugha ina njia iliyozoeleka: kunyauka kumezaa mnyauko, kumomonyoka kumezaa mmomonyoko. Basi kuchacha kuzae mchacho. Mchacho wa filamu, au kwa ukamilifu, mchacho wa asetati. Maana ya mtaani ya kuchacha, kuishiwa pesa, haitaleta mkanganyiko, kwani hiyo humhusu mtu.

Neno hili lina haki ya pekee ya kutoka katika lugha ya nchi za joto. Taarifa za kwanza za asetati kuharibika hivi zilimfikia Kodak katika mwongo wa kwanza baada ya mwaka 1948, na zilitoka serikali ya India, ambayo filamu zake zilikuwa zimewekwa mahali penye joto na unyevu. Wataalamu wa Image Permanence Institute, iliyoko Rochester, New York, wanakadiria kwamba filamu mpya ya asetati ikikaa kwenye nyuzijoto 21 na unyevu wa asilimia 50 itachukua takriban miaka 40 hadi 50 kabla mchacho haujaanza. Ni kabati gani la Tanga, Mombasa au Unguja linalokaa kwenye nyuzijoto 21? Pwani yetu ina unyevu unaopita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka.

Na filamu za kuchacha tunazo. Filamu ya milimita 16 ilifika Tanganyika mapema: kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema za elimu uliokuwa na kituo chake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulipiga filamu kwa upana huo na kuzizungusha vijijini kwa gari. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalibeba projekta za milimita 16 kwa miaka mingi, na wazee wengi waliona picha inayotembea kwa mara ya kwanza juu ya shuka jeupe lililotundikwa uwanjani. Familia zilizokuwa na uwezo zilipiga arusi na safari zao kwa milimita 8. Hizo zote ni asetati.

Kutambua mchacho hakuhitaji mtambo. Taasisi ile ya Rochester inatengeneza vikaratasi vya rangi ya buluu vinavyofungiwa ndani ya kopo pamoja na filamu. Palipo na asidi vinageuka kijani, na asidi ikizidi vinakuwa njano. Faida yake ni kuonyesha kiasi, hata pale pua ilipokwisha kuzoea harufu. Ni vizuri pia kutenganisha asetati na poliesta, ambayo haichachi. Iangalie filamu iliyoviringwa kwa ubavu kuelekea taa: poliesta hupitisha mwanga, asetati huonekana nyeusi. Filamu zenye mstari wa sumaku wa sauti ziangaliwe kwanza, kwa sababu oksidi ya chuma iliyo kwenye mstari huo huchochea mchacho.

Kuurudisha nyuma haiwezekani. Kinachowezekana ni kuuchelewesha kwa baridi na ukavu, kuitenga iliyochacha, kuiacha ipumue badala ya kuibana ndani ya kopo lenye kutu, na kuinakili upya au kuiskani wakati bado inapita mashineni. Kati ya hayo, la mwisho ndilo lisilongoja. Filamu iliyochacha kidogo huskaniwa kwa bei ya kawaida. Iliyosinyaa sana hutaka mashine isiyo na meno na fundi mwenye subira, na iliyobanduka tabaka la picha haina wa kuisaidia.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa watunga istilahi na wahariri wa kamusi: andikeni mchacho wa filamu, na muweke ugonjwa wa siki kama jina la pili. Kwa mwenye kopo la babu au bibi juu ya kabati: lifungue wiki hii, filamu yake isiwekwe kwenye projekta yoyote kabla fundi hajaipima, na kama harufu ipo, andika kwa kalamu nene juu ya mfuniko neno “imechacha” pamoja na tarehe, kisha litenge na mengine na utafute wa kuiskani.