Mahekalu ya My Son na Mawe Yake Yenye Maandishi

Katikati ya nchi ya Vietnam, kilomita zipatazo 40 kutoka mji wa Hoi An, liko bonde lililozungukwa na milima, liitwalo My Son. Humo wafalme wa Champa walijenga mahekalu ya dini ya Kihindu, ile ambayo pwani yetu iliijua kwa Mabaniani, tangu karne ya 4 hata karne ya 13. Yalizidi 70, mengi sasa ni magofu. Lau si mawe yenye maandishi yaliyosimamishwa hapo, habari zake tungalizijua kidogo sana.

Wa kwanza ni mfalme Bhadravarman. Mwishoni mwa karne ya 4 alimwekea Shiva hekalu, akamwita mungu huyo Bhadreshvara, yaani aliunganisha jina lake mwenyewe na neno lenye maana ya Bwana. Jiwe lake lataja mipaka ya nchi aliyoitoa wakfu: milima pande tatu, na mto mkubwa upande wa kaskazini. Wenyeji wake walipaswa kutoa sehemu moja katika sita ya mavuno. Mfalme akaipunguza iwe moja katika kumi, nayo ikawa mali ya mungu.

Hekalu lile, lidhaniwalo kuwa la miti, liliteketea. Mapema katika karne ya 7 Shambhuvarman alilijenga upya kwa matofali ya kuchoma, naye akatia jina lake mbele ya lile la kwanza: Shambhubhadreshvara. Matofali ya My Son yameshikamana hata chokaa haionekani kati yake, jambo ambalo limewashughulisha wajenzi wengi mpaka leo.

Tena mawe yale yana lugha mbili. Kisanskriti, lugha ya dini iliyotoka Bara Hindi, kilitumika hasa kwa sifa za miungu na nasaba za wafalme, aghalabu kwa mashairi. Kicham, lugha ya wenyeji, kilitumika zaidi kuhesabu mashamba, vyombo na watumwa waliotolewa kwa hekalu. Kwangu mimi hesabu hizo zina thamani kupita sifa. Maana sifa za mfalme huyu hufanana na za yule, bali shamba lina jina lake na mpaka wake. Kicham hicho ni jamaa ya Kimalai, na hata ya lugha ya Bukini: jicho kwa Kicham na Kimalai ni mata, kwa Bukini ni maso, tano ni lima, na Bukini ni dimy.

Mwaka wa 1471 Wavietnam waliuteka Vijaya, mji mkuu wa Champa, na nguvu za ufalme zikavunjika. Msitu ukalifunika bonde, hata Wafaransa walipofika mwaka wa 1898. Louis Finot akayachunguza maandishi. Henri Parmentier akapima, akachimba, akachora kila jengo kwa bidii kubwa. Kazi hiyo ilikuja kuwa na faida ambayo yeye hakuitazamia. Mwezi wa Agosti 1969, katika vita vya Vietnam, wapiganaji walikuwa wamejificha bondeni, na ndege za Marekani zikalipiga kwa mabomu. Hekalu zuri kuliko yote, ambalo wataalamu huliita A1, lenye kimo cha mita 24 hivi, likaanguka. Atakaye kulijua umbo lake hana budi kurudia michoro ya Parmentier.

Tangu miaka ya 1980 Kazimierz Kwiatkowski wa Poland aliongoza kazi ya kuyaimarisha yaliyosalia, na mwaka wa 1999 UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia. Mwaka wa 2020 mafundi kutoka Bara Hindi walifukua humo linga, alama ya Shiva, lililochongwa katika jiwe moja.

Wacham wenyewe hawakutoweka. Wako Vietnam na Kambodia. Wengi ni Waislamu. Lakini wako pia walioshika ibada ya kale, na kila mwaka, katika sikukuu ya Kate, huupanda mlima wa Po Klong Garai, na nyimbo za ibada huimbwa huko kwa Kicham.