Hans Moravec

Hans Peter Moravec (alizaliwa Kautzen, Austria, 30 Novemba 1948) ni mtafiti wa roboti na akili bandia aliyekulia Kanada na kufanya karibu kazi zake zote nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuiwezesha roboti yenye kamera kuvuka chumba chenye vikwazo bila kuendeshwa na mtu, mwaka 1979. Ya pili ni ramani ya gridi, yaani njia ya kuchora mazingira ya roboti kwa kutumia uwezekano, aliyoianzisha pamoja na Alberto Elfes katika miaka ya 1980.

Kazi zote mbili zinahusu swali moja: roboti itajuaje iko wapi na kuna nini mbele yake, ikiwa vyombo vyake vya kupimia hukosea mara kwa mara?

Maisha na elimu

Moravec alihamia Kanada na familia yake akiwa mtoto. Alipata shahada ya kwanza ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Acadia mwaka 1969, kisha shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Western Ontario mwaka 1971. Baada ya hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford, California, akafanya utafiti katika maabara ya akili bandia ya chuo hicho. Alitunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1980. Tasnifu yake ilieleza jinsi roboti inayoona inavyoweza kukwepa vikwazo na kujiongoza katika mazingira halisi.

Mwaka 1980 alihamia Taasisi ya Roboti ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, ambako aliongoza maabara ya roboti zinazotembea.

Tatizo la kujua mahali

Mtu anayetembea gizani nyumbani kwake anaweza kuhesabu hatua: kumi hadi mlangoni, tano hadi jikoni. Roboti yenye magurudumu inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu yake. Lakini gurudumu huteleza, sakafu si tambarare kila mahali, na kona ya digrii 90 huweza kuwa ya digrii 88. Kosa la kila hatua ni dogo, ila makosa hayo hujumlishwa. Baada ya mwendo mrefu roboti huamini iko mlangoni, kumbe imeshaukaribia ukuta.

Kamera hutoa njia nyingine. Roboti ikiona kitu kilekile kabla na baada ya kusogea, inaweza kukokotoa imesogea kiasi gani kwa kulinganisha mahali kitu hicho kilipoonekana katika picha hizo mbili. Ugumu ni kwamba kwa kompyuta picha ni jedwali la namba tu. Lazima kwanza itambue kwamba doa fulani katika picha ya kwanza ndilo doa lilelile katika picha ya pili.

Gari la Stanford

Gari alilotumia Moravec lilikuwa la magurudumu manne, na lilitengenezwa Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa lengo tofauti kabisa. Watafiti walitaka kujua kama mtu aliyeko duniani angeweza kuendesha chombo kilichoko mwezini kwa kutazama televisheni, ingawa mawimbi ya redio huchukua sekunde 2.6 hivi kwenda na kurudi. Baadaye gari hilo lilikabidhiwa maabara ya akili bandia.

Halikubeba kompyuta yake yenyewe. Picha zake zilirushwa kwa redio hadi kwenye kompyuta kubwa ya maabara, ambayo ilirudisha amri za kusogea. Kazi ya programu ya Moravec ilikwenda kwa hatua zifuatazo:

1. Gari lilisimama. Kamera iliteleza juu ya reli yenye urefu wa karibu nusu mita na kupiga picha tisa kutoka sehemu tisa tofauti.

2. Programu ilichagua sehemu za picha zinazotambulika kwa urahisi. Ukuta mweupe haufai, kwa sababu kila sehemu yake inafanana na nyingine. Ukingo wa meza unafaa kidogo, lakini sehemu zake hufanana kwa kufuata urefu wake. Pembe ya meza inafaa zaidi, kwani ukisogea upande wowote picha hubadilika. Moravec alitunga kipimo cha kutafuta sehemu za namna hiyo, nacho leo huitwa kwa jina lake.

3. Sehemu hizo zilitafutwa katika picha nyingine, na umbali wake ukakokotolewa. Kanuni yake ni ileile ya macho mawili: ukinyoosha kidole mbele ya uso na kufumba jicho moja, kisha jingine, kidole huonekana kuruka, na kadiri kilivyo karibu ndivyo kinavyoruka zaidi. Picha tisa hutoa jozi 36, hivyo kila umbali ulipimwa mara nyingi na makosa ya jozi moja hayakuharibu matokeo yote.

4. Programu ilipanga njia ya kuvipita vikwazo, gari likasogea mita moja hivi, kisha likasimama tena. Kwa kulinganisha sehemu zilizoonekana mwanzo na zilizoonekana sasa, programu ilikokotoa mwendo halisi wa gari.

Kila mzunguko wa kazi hii ulichukua dakika 10 hadi 15. Mwaka 1979 gari lilivuka ndani ya jengo njia kadhaa zenye urefu wa mita 20, zilizowekwa viti na vitu vingine, kila moja kwa muda wa saa tano hivi. Katika safari moja lililazimika kukata kona mara tatu au nne ili kukwepa vikwazo.

Nje ya jengo mambo yalikuwa magumu zaidi. Gari lilikwepa vikwazo viwili, likagonga cha tatu. Moravec alieleza sababu kuu mbili katika tasnifu yake. Jua kali lilifanya picha ziwe mbaya, zenye sehemu angavu mno kando ya vivuli vyeusi. Aidha, kwa kuwa gari lilikwenda polepole sana, vivuli vilikuwa vikihama huku kazi ikiendelea. Pembe ya kivuli hufanana na pembe ya kitu halisi, kwa hiyo programu ilifuata alama ambazo zenyewe hazikutulia.

Ramani ya gridi

Ramani ya gari la Stanford ilikuwa orodha fupi ya nukta. Nukta chache zikikosewa, gari zima linaweza kupotea au kugonga. Pia, mahali pasipo na nukta hapakueleweka: pengine ni wazi, pengine kuna ukuta mweupe usioonekana na programu.

Huko Pittsburgh, Moravec na Elfes walitumia vihisi vya sona, ambavyo hutoa sauti na kupima muda wa mwangwi kurudi. Roboti yao iitwayo Neptune ilizungushiwa vihisi 24. Sona ni rahisi lakini haina ukali. Mwale wake una upana wa digrii 30 hivi, na mwangwi mmoja husema tu kwamba kuna kitu umbali fulani, mahali fulani ndani ya upana huo.

Katika makala yao ya mwaka 1985 waliigawa sakafu katika miraba midogo. Kila mraba ulipewa namba inayoonyesha uwezekano kwamba una kitu au ni wazi. Mwangwi mmoja huongeza kidogo uwezekano wa kitu katika miraba yote iliyo kwenye umbali ule, na kuupunguza katika miraba iliyo kati ya hapo na roboti. Roboti ikisogea na kupima tena kutoka upande mwingine, ushahidi hujumuika. Baada ya vipimo vingi hafifu, kuta na njia hujitokeza.

Tofauti na njia ya awali, hapa roboti hailazimiki kuamua mapema kama kipimo ni sahihi. Shaka yenyewe inaandikwa ndani ya ramani, na mahali pasipojulikana hapachanganywi na mahali palipo wazi.

Urithi katika uoni wa kompyuta na roboti

Mwaka 1988 Chris Harris na Mike Stephens wa Uingereza waliboresha kipimo cha pembe cha Moravec. Toleo lao likawa miongoni mwa zana zinazofundishwa zaidi katika uoni wa kompyuta, fani ya kuziwezesha mashine kuelewa picha.

Njia ya kupima mwendo kwa kulinganisha picha iliendelezwa na Larry Matthies, aliyesomea Carnegie Mellon kabla ya kujiunga na maabara ya NASA ya Jet Propulsion Laboratory. Roboti Spirit na Opportunity zilizotua Mirihi Januari 2004 ziliitumia kwenye mchanga na miteremko, mahali ambapo magurudumu yalizunguka bila roboti kusogea ipasavyo. Kompyuta zao zilikuwa za megaherzi 20 tu, hivyo kila ukokotoaji uliweza kuchukua hadi dakika tatu. Huko hapakuwa na mtu wa kuikwamua roboti iliyonasa.

Ramani ya gridi nayo ilitumiwa na Minerva, roboti iliyowatembeza wageni katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington mwaka 1998. Hadi leo ni njia ya kawaida ya kuchora sakafu kwa roboti za ndani ya majengo, ingawa mara nyingi leza au kamera zimechukua nafasi ya sona.

Mwaka 2003 Moravec alishiriki kuanzisha kampuni ya Seegrid huko Pittsburgh, inayotengeneza magari yanayojiendesha ya kubebea mizigo katika maghala na viwanda.

Kitendawili cha Moravec na utabiri wake

Katika kitabu chake Mind Children (1988), Moravec aliandika kwamba ni rahisi kwa kulinganisha kuifanya kompyuta icheze drafti au ifaulu mitihani ya akili kama mtu mzima, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Wazo hili huitwa kitendawili cha Moravec. Maelezo yake ni kwamba kuona na kutembea ni uwezo uliojengeka kwa mamilioni ya miaka ya mageuko, hata tukauona mwepesi, ilhali hesabu na mantiki ni mambo mapya kwa binadamu.

Alitabiri pia kwamba mashine zingefikia uwezo wa akili ya binadamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 21. Alikadiria kazi inayofanywa na retina ya jicho, kisha akazidisha kwa ukubwa wa ubongo mzima. Wataalamu wengi wamepinga hesabu hiyo, wakisema ubongo hauwezi kupimwa kwa kasi ya ukokotoaji peke yake.

Gari la Stanford limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta, Mountain View, California.