Usanidi wa viendeshi katika kerneli ya Linux

Usanidi wa viendeshi ni hatua ya kuchagua viendeshi vitakavyokuwemo katika kerneli ya mfumo wa uendeshaji kabla ya kuijenga kutoka msimbo wake wa chanzo. Kiendeshi ni programu inayoiwezesha kerneli kuwasiliana na kifaa fulani, kama vile diski, kibodi au kadi ya mtandao. Makala hii inahusu kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991.

Machaguo

Viendeshi vingi vina machaguo matatu:

- y: kiendeshi kinajengwa ndani ya kerneli yenyewe.
- m: kiendeshi kinakuwa moduli, yaani faili la pekee linalowekwa chini ya saraka /lib/modules na kupakiwa linapohitajika.
- n: kiendeshi hakijengwi.

Utaratibu

Machaguo yote na namna yanavyotegemeana huelezwa katika mafaili yaitwayo Kconfig. Mjenzi hutoa amri "make menuconfig", kisha huchagua kutoka kwenye orodha. Majibu yake huhifadhiwa katika faili liitwalo .config.

Amri "make localmodconfig" huondoa moduli ambazo kompyuta haizitumii wakati huo, hivyo ujenzi huchukua muda mfupi. Hata hivyo, kifaa ambacho hakikuchomekwa wakati huo kinaweza kukosa kiendeshi baadaye.

Tatizo la kuwasha

Moduli hukaa kwenye diski. Kama kiendeshi cha diski hiyo nacho ni moduli, kerneli haiwezi kukipata, kwa kuwa bado haiwezi kuisoma diski. Hali ni hiyohiyo kwa mfumo wa mafaili, kwa mfano ext4. Kwa sababu hiyo viendeshi hivyo huwekewa y, au moduli zake hutiwa katika initramfs, furushi dogo linalopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli.

Bila hayo kompyuta hukwama inapowashwa. Data iliyo kwenye diski haipotei, na kompyuta inaweza kuwashwa kwa kerneli ya zamani. Ndiyo maana kerneli ya zamani haifutwi kabla mpya haijajaribiwa.

Matumizi

Debian na Ubuntu hujenga viendeshi vingi kama moduli ili kerneli moja ifae kompyuta za aina nyingi. Kwenye ruta na vifaa vingine vyenye hifadhi ndogo, viendeshi visivyohitajika huachwa.