Gunia, Mizani na Maskini wa Ufipa



Katika Jumapili ya 25 ya Mwaka C, Kanisa hutusomea maneno ya nabii Amosi. Huyu alikuwa mchungaji wa kondoo kutoka Tekoa, aliyetumwa kwa watu wa Israeli katika karne ya 8 kabla ya Kristo, wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili, nchi ilipokuwa na neema na matajiri wakizidi kunenepa. Amosi hakuwalaumu kwamba hawasali. Walisali, na sikukuu walizishika. Aliwalaumu kwa kuwa mioyo yao ilikuwa sokoni hata siku ya sala: walingoja sikukuu ipite, wafungue maghala, wapunguze kipimo, wapandishe bei na kuipotosha mizani. Nabii anasema kwamba Mungu hatayasahau matendo hayo kamwe.

Kwa mtu aishiye katika uwanda wa juu wa Ufipa, neno hili halihitaji ufafanuzi mrefu. Mahindi ndiyo chakula chetu, karo ya watoto wetu na sadaka yetu ya mavuno. Basi leo tuipitie historia ya nchi yetu tukiwa na swali moja: Mkristo anapomsaidia maskini, je, wajibu wake unakoma kwenye sadaka, au unafika pia sokoni na barazani, mahali ambapo bei na vipimo huamuliwa?

Imani ilitupandia kutoka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa bado ikipita katika nchi za ziwa, na wamisionari walitoa mali ili kuwakomboa watoto. Naye Adrien Atiman alikuwa mtoto wa namna hiyo, ingawa alitoka mbali. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mdogo, akakombolewa na wamisionari huko Aljeria, kisha akasomeshwa udaktari huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, akawahudumia watu wa ziwa hadi kifo chake mwaka 1956. Mtu aliyewahi kutiwa bei kama bidhaa aliitumia zaidi ya miaka 60 ya maisha yake kuwaponya wengine. Makatekista wetu wana haki ya kujivunia ndugu huyu.

Lakini kumkomboa mtoto mmoja hakulifungi soko la watumwa. Huyu akifunguliwa, msafara unaofuata unaleta wengine. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alilitambua jambo hilo. Mwaka 1888, kwa kutiwa moyo na Papa Leo XIII, alizunguka Paris, London na Brussels akidai kwamba serikali ziikomeshe biashara yenyewe. Huruma yake ilimlazimu kuingia katika mambo ya utawala.

Hapo historia inatuonya pia. Mataifa yale yale yaliyosema yanakuja kuukomesha utumwa yaligawana nchi zetu. Kodi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, iliwatoa vijana wengi Ufipa wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, mbali sana na wake na wazazi wao. Kwa hiyo siasa yaweza kuikata pingu moja na kutia nyingine. Mkristo asiikimbie siasa kwa sababu hiyo, wala asiifuate akiwa amefumba macho.

Tuje sasa katika zama za Uhuru. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Wiki 7 tu baadaye, tarehe 26 Machi, Papa Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu. Mwezi Oktoba 1970, Mwalimu Julius Nyerere, mwenyewe Mkatoliki, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa halina budi kusimama upande wa maskini dhidi ya taratibu zinazowafanya waendelee kuwa maskini.

Kwetu jambo hilo lilionekana katika bei ya gunia. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Katika miaka hiyohiyo serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Sumbawanga iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, lakini mkulima wetu alilipwa sawa na mkulima aliyeishi karibu na jiji, kwa maana gharama ya safari ilibebwa na taifa. Mbolea nayo ilifika kwa msaada wa serikali. Wazee wetu walijulikana kwa ulezi na kwa matuta yao ya intumba, ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Sasa Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa 4, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, iliyotegemewa kulilisha taifa. Bei ile haikuwa sadaka ya mtu mwema. Ilikuwa uamuzi wa kisiasa, na mjane mwenye ekari moja aliupata kama jirani yake mwenye maksai.

Hata hivyo, haki haitufundishi kusifu nusu tu ya habari. Katika miaka hiyo watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mkulima akapoteza chombo cha kusemea. Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC, lilizama katika madeni, na wakulima wakangoja malipo muda mrefu. Ilipofika nusu ya pili ya miaka ya 1980, bei moja iliondoka na biashara ikafunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea nayo iliondolewa. Tangu hapo, aishiye mbali aliulipia umbali wake mwenyewe.

Katika miaka ya 2010 barabara ya lami kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga, nasi twamshukuru Mungu. Lakini barabara imeleta wanunuzi wa kila namna, na pamoja nao lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba juu na kufungwa kwa kamba, na mwenye mahindi hulipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Wapo pia wanaoingia vijijini kati ya Januari na Machi, ghala zikiwa tupu, wakanunua mahindi yangali shambani kwa fedha kidogo ya kumwokoa mtoto mgonjwa. Mavuno yakifika, mwenye jasho hana chake.

Ndugu wapendwa, wengine kati ya wanunuzi hao ni Wakristo, na Jumapili hutoa sadaka nono. Wamkumbuke Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru. Bwana alipoingia nyumbani mwake, Zakayo aliahidi mambo mawili: kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hakudhani kwamba la kwanza lafuta la pili. Sadaka itokayo katika lumbesa ni mali ya maskini inayopitishwa altareni kwa jina la mtu mwingine.

Tufanye nini basi? Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji. Jumuiya isiyoweza kujenga ghala yaweza kununua mizani moja, ikakubaliana kwamba hakuna mwanajumuiya atakayeuza wala kununua bila kupima. Yaweza kumkopesha mwenye shida mwezi wa Februari, asiliuze shamba lake likiwa bichi. Katekista asiyeogopa aweza kuisoma sheria ya vipimo mbele ya watu, na kuuliza katika mkutano wa kijiji kwa nini haifuatwi. Nasi tunapochagua viongozi, tusitazame nani ametugawia chumvi na kanga. Tuulize nani atasimama sokoni siku ya mavuno.

Maskini wa Ufipa haombi kulishwa, maana yeye ndiye alishaye wengine. Anaomba kupimiwa kwa haki. Mungu aliyemsikia Amosi atujalie kumsikia na huyu.

Amina.