Risasi zisizokwisha: sinema, Ziwa Nyasa na vita vya 1914

Hesabu yake ni nyepesi. Bunduki ya AK-47 hubeba risasi 30 kwenye magazini, na hufyatua kama risasi 600 kwa dakika. Ukibana kifyatulio bila kuachia, magazini imekwisha kwa sekunde tatu. Waliokulia kwenye mabanda ya video miaka ya 1990 hawakufundishwa hesabu hiyo. Walimwona Schwarzenegger kwenye Commando, filamu ya 1985, akimaliza jeshi zima bila jasho, na Rambo akapendwa hadi jina lake likabandikwa mifuko ya plastiki tuliyobebea nyanya mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Steringi hafi, watu walisema. Risasi zake nazo haziishi.

Watu wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wana sababu yao ya kuzicheka sinema hizo. Ziwa lililo mbele yao liliona mapigano ya mzinga siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, na mapigano hayo yangemfukuza mtazamaji bandani.

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilikaribia Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Nahodha wake, Rhoades, alikuwa amepata habari za vita. Berndt, nahodha wa meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, hakuwa na habari yoyote. Meli yake ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo. Gwendolen ikafyatua mzinga wake mdogo. Kwa masimulizi ya Waingereza wenyewe, makombora yalikuwa ya zamani, mengine hayakulipuka, na mpigaji alikuwa raia aliyewahi kufunzwa mzinga wa aina hiyo miaka ya nyuma. Hatimaye moja likapata. Inasimuliwa kwamba Berndt alijipakia kwenye kitumbwi akaenda kumfokea Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, akitaka kujua kama amelewa. Akatekwa. Magazeti ya London yakaandika habari za ushindi wa majini. Nadhani kisa hiki kimeongezwa chumvi kila kiliposimuliwa, lakini kiini chake ni hicho: meli moja ilikuwa nchi kavu, na nyingine ilikuwa na baruti isiyoaminika.

Sinema haikuja Nyasa. Ilikwenda ziwa jirani. The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, iliyopigwa picha Uganda na Kongo ya Wabelgiji, inamwonyesha Humphrey Bogart akitengeneza torpedo za kienyeji kwa mitungi ya gesi, na meli ya Wajerumani inalipuka na kuzama. Ziwa Tanganyika lilikuwa na meli kubwa ya Kijerumani kweli, Graf von Goetzen. Hakuna aliyeilipua. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Turudi kaskazini mwa Nyasa. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kutoka Neu Langenburg, yaani Tukuyu, kilivuka Mto Songwe kwenda kuivamia Karonga, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wanakwenda Songwe kuwavamia wao, na majeshi hayo mawili yakapishana gizani. Mwandishi wa filamu angelikata tukio hilo. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi mweupe lililomwambia adui mahali pa kulenga. Kwenye filamu moshi ni pambo la nyuma ya steringi. Huku ulikuwa kifo.

Halafu kuna bombomu, yaani Maxim. Kwenye picha hufyatua bila kukoma. Yenyewe ilihitaji kama lita nne za maji ya kupoozea kasiba, na maji hayo yalichemka baada ya dakika chache za kufyatua mfululizo. Ilikula risasi kama 500 kwa dakika. Risasi moja ya bunduki ya Kiingereza ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi, kwa hiyo mzigo wa kilo 25, aliobeba mtu mmoja kichwani, ulikuwa risasi 1,000 tu. Dakika mbili!

Na mtu huyo alitoka wapi? Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka, shehena zilipita ziwani na kupandishwa kwa miguu kuelekea Tukuyu, juu mlimani. Waliobeba waliitwa tengatenga. Nyasaland, yaani Malawi ya leo, peke yake inakadiriwa kutoa karibu wanaume 200,000 katika vita hivyo. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi walizozibeba.

Katika The African Queen, askari wa Kijerumani wanachoma kijiji dakika za mwanzo na kuwaswaga wanakijiji. Filamu haitupeleki walikopelekwa. Inawafuata Wazungu wawili mtoni hadi mwisho.